Mbuzi Mmoja Niliyemficha

Mama Kioko, dada yangu katika Bwana,

Nakuandikia nikiwa nimekaa pale pale kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, uzi wa mkonge mapajani. Tangu tukuzike mvua imekuja misimu miwili, na Kioko ameezeka nyumba yako mabati. Sisi kina mama wa Alhamisi tumebaki sita. Tunasuka vyondo, tunaimba, lakini hakuna wa kutuchezesha hesabu. Unakumbuka ulivyomsumbua mzee wa kanisa? "Fikiria namba, mzee, na usiniambie." Naye akawa anahesabu vidole ndani ya mfuko wa koti, akidhani hatumwoni.

Kuna jambo sikukuambia vizuri ukiwa hai. Ile siku ulitaka nifikirie idadi ya mbuzi wangu. Zidisha mara mbili, ongeza kumi, kata nusu, umepata ngapi? Nikasema kumi na saba. Ukasema mbele ya wote, "Mama Mwende, una mbuzi kumi na wawili." Wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Unajua kwetu mifugo haitajwi idadi kwa mdomo, ni kuita msiba zizini.

Kiangazi kilipokuja, mbuzi wangu wakafa mmoja mmoja, na sikulaumu jua. Nililaumu ulimi wako. Wako pia walikufa, lakini hayo sikutaka kuyaona. Nikahamisha kigoda changu, nikawa nakaa mbali na wewe. Nilikusalimia kwa mkono tu, na Jumapili tukashiriki Meza ya Bwana pamoja. Miaka, Mama Kioko.

Ulipolazwa hospitali ya Kitui nilikuletea uji, nikakuambia nimekusamehe. Wewe, na maumivu yale, ukacheka. "Umenisamehe nini, na jibu ulinipa wewe mwenyewe?" Nilirudi nyumbani na hayo maneno kama mwiba kwenye kisigino. Siku ya tatu ukatuacha, nami nilikuwa bado sijaelewa.

Sasa sikia. Wiki iliyopita Mwende wangu alikuja likizo kutoka chuo cha ualimu. Nikamweleza ule mchezo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetubu. Akanipa vikombe viwili, akaniambia nifunike maharagwe sawasawa kwa kila kimoja, yeye akageuza uso. Kisha akaweka mengine kumi kando. "Kata nusu, mama." Nikabaki na kikombe kimoja na maharagwe matano. "Basi ukinitajia jumla, mimi natoa hayo matano. Yaliyo chini ya kikombe ni yale uliyoweka wewe."

Ni hivyo tu. Hesabu ya shule.

Halafu nikakumbuka kitu, nikacheka mpaka kuku wakakimbia jikoni. Mama Kioko, mbuzi wangu walikuwa kumi na watatu. Siku ile niliogopa kuwahesabu wote hata moyoni, nikamficha yule mweupe aliyevunjika pembe. Nikafikiria kumi na wawili, nawe ukasema kumi na wawili. Kama ungekuwa na jicho la kuingia zizini kwangu, ungemwona na huyo. Na huyo mweupe, ambaye hakuhesabiwa na mtu yeyote, ndiye aliyekufa wa kwanza.

Ushahidi nilikuwa nao mimi siku zote, nikaukalia.

Mungu ni mwema, ameniondolea mzigo niliojitwika mwenyewe. Jana nimewaeleza kina mama yote, hata kigoda. Walinicheka sana, na haikuniuma. Nisamehe, dada yangu, sasa naomba mimi.

Alhamisi ijayo nitawachezesha, nikianza na mzee wa kanisa na koti lake. Nitafanya hivyo kila wiki, wajukuu wako wajifunze kwangu. Lala salama. Tukionana kwa Bwana, uniambie tena nifikirie mbuzi wangu. Nitawafikiria wote kumi na watatu.

Mama Mwende