Nilichomoa Congélateur ili Nipate Picha Sitini

Tantine Syntiche mpendwa, niokoe kabla ya Jumamosi. Mimi ni fundi wa simu hapa Naviundu, mke wangu ni Exaucée, na nina kompyuta ndogo, kibao kimoja tu kinachoenea kwenye kiganja, nimekiwekea programu ya kuchezesha michezo ya video ya zamani, ile ya utoto wetu, lakini sichezi, Tantine, mimi napima, nahesabu kinatoa picha ngapi kwa sekunde kisha natangaza kwenye grupu yetu ya WhatsApp, na cha Mardochée, mwenzetu wa grupu, kilikuwa kinatoa sitini wakati changu kinakwama kwenye thelathini na nne, aibu tupu, mpaka nikagundua kwamba courant, umeme wa kwetu, ni dhaifu, na congélateur ambamo Exaucée anagandisha samaki wake wa sokoni ikiwaka tu, kibao changu kinakosa nguvu na kupunguza mwendo. Basi nikawa naichomoa dakika kumi, napima, narudisha, nikapata sitini, grupu nzima ikanipigia makofi, lakini Jumanne nilichomoa, nikaanza kujibu pongezi, nikasahau mpaka jioni, nikaichomeka kimyakimya, samaki wameshaharibika, na mama mukwe, aliyetoka Kamina kutusalimia, ndiye aliyeshinda nyumbani, Exaucée akamwambia, "Mama, ni weye uliacha congélateur wazi!" nami nilikuwa pale pale, nikanyamaza, na mama akajibu polepole, "Pengine ni kweli, mwanangu. Kichwa yangu inaanza kusahabu." Sasa anafunga mizigo, Jumamosi anarudi kwake, na unajua bukwe, ile heshima ya mkwe kwa mama mukwe, ilivyo, hata kumtazama usoni siwezi, nianzie wapi?

Stanislas, Naviundu

Stanislas, nimecheka mpaka nilipofika kwa mama mukwe wako, hapo kicheko kikaisha. Samaki watapatikana wengine. Lakini mama wa watu sasa anashuku akili yake mwenyewe, na ukimwacha aondoke hivyo, kila atakapotafuta ufunguo wake kule Kamina ataamini kwamba ni kweli amezeeka vibaya. Huoni huruma?

Na hiyo sitini yako ni uongo. Nani hapa Lubumbashi anacheza akiwa amezima nyumba nzima? Andika kwenye grupu leo: thelathini na nne, congélateur ikiwaka. Mtu anayetaka kununua kibao kama hicho naye ana congélateur kwake. Mardochée akikucheka, muulize yeye alichomoa nini.

Usijifiche nyuma ya bukwe. Heshima inakukataza kumkazia macho, haikukatazi kusema ukweli. Mwambie Exaucée leo kabla hamjala, na akipandisha sauti, mwache apandishe, umestahili. Kisha nunua kuku mzima mwenye afya, maana mama mukwe haombwi radhi mikono mitupu, Exaucée ampelekee. Wewe simama mlangoni, macho chini, na useme kwa sauti ambayo hataweza kukosa kuisikia: "Mama, kichwa yenu iko muzima. Ni miye."