Sabuni Inayobebwa na Watu Wanne

Forodha ya Mpakani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Mjomba,

Kabla ya yote nakusihi: isome barua hii peke yako, kisha ichome. Mama asijue. Ukimwambia yeye, umeuambia mtaa mzima.

Shikamoo. Mgongo umepoa? Mkazamjomba hajambo? Sisi tu wazima, ila tunalala usingizi wa mang'amung'amu.

Ulipoondoka, vita vya nchi jirani vilikuwa vya redioni. Sasa vinatuingilia kama maji chini ya mlango. Majuzi muuza nyama wetu aliporwa mchana kweupe, kwa bunduki ya kijeshi. Wakimbizi wamejaa shuleni, lakini hao sina ugomvi nao. Wamezikimbia bunduki zizo hizo.

Nami najua zinapopita. Mezani kwangu.

Alhamisi lilikuja lori kutoka ng'ambo ya mpaka, limebeba eti sabuni. Makuli wanne waliinua sanduku moja, magoti yakiwacheza. Mmoja wao, tunamwita Kijiko kwa wembamba wake, akaniuliza, "Karani, hii sabuni ya kufulia nguo au ya kufulia watu?" Wote wakacheka, isipokuwa dereva.

Mkuu wangu akaninong'oneza, "Gonga muhuri, mwanangu. Vita si vyetu."

Muhuri wa forodha hukaa kwangu; bila huo lori halitoki uani. Nikamjibu, Mjomba, "Masanduku yafunguliwe kwanza, Mzee, ndipo nigonge."

Dereva akanishika bega. "Kijana, unakaa nyuma ya kisima, sivyo?"

Tangu hapo natembea na muhuri kwenye mfuko ulioshonwa ndani ya koti. Lori bado lipo uani. Mwombe yule rafiki yako mkaguzi wa makao makuu aje mwenyewe, upesi, bila kupiga simu kwa mkuu.

Usiniambie niache kazi. Nikigonga leo, kesho bunduki hizo zitamkuta Mama sokoni. Woga ninao, tena tele. Muhuri siwapi.

Nisalimie mkazamjomba na mapacha. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Mpwa wako, mwoga asiyebanduka.

Tena: usinipigie simu ofisini. Jibu mpe dereva wa basi aliyekuletea barua hii, naye atamwachia fundi cherehani wa stendi, ndiye aliyenishonea mfuko. Ukiambiwa nimeacha kazi, usiamini. Sijaacha.