Shangazi Anataka Nimfufue Kitabuni

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla mwezi huu haujaisha, maana mchapishaji anaichapa riwaya yangu ya kwanza mara ya pili na anasema kama nina la kubadilisha nibadilishe sasa, na tatizo ni kwamba mhusika mkuu nilimpa jina la shangazi yangu aliyenilea, Bi Mastura wa Kigombe, nikampa na ukali wake wa jikoni, kisha sura ya mwisho nikamuua, watu wakalia, wakaipenda, hadi redio moja ya hapa Tanga ikaisoma sura hiyo hewani, ndipo Baba Mdogo Uweso, kule Mkwaja, akafungulia redio katikati na kusikia "Bi Mastura wa Kigombe akazikwa alasiri," akapiga simu ya Shangazi, imezimwa kama kawaida, basi akakusanya ukoo, wakakodi gari, wakaja wanalia na gunia la mchele na majamvi ya msiba, wakamkuta marehemu uani anakaanga samaki.

"Nani amekufa?" akauliza Shangazi.

"Wewe!"

Walicheka mpaka wakakaa chini, mchele wa msiba ukapikwa pilau, lakini mimi nilipokwenda na shikamoo yangu hakuitikia, akasema, "Mwandishi, nirudishe duniani, la sivyo usinijie hapa." Nikimfufua naharibu kitabu, nisipomfufua nampoteza mama.

Samiha, Mabawa

Samiha, hongera! Nimesoma riwaya mia ambazo mhusika akifa msomaji anapiga miayo. Wako amekodiwa gari! Hakuna mhakiki atakayekupa sifa nzito kuliko gunia lile.

Sasa, aibu yako! Umechukua jina la mtu, kijiji chake na ukali wake, ukamzika, wala barua yako haisemi popote kwamba ulimpelekea kitabu. Kifo chake kaletewa na wageni! Hapo ndipo anapoumia.

Sura ya mwisho usiiguse hata nukta. Anayedhani riwaya hurekebishwa kwa kura za ukoo, mlete kwangu. Lakini jina ni lake. Jumamosi nenda Kigombe, kaa jikoni, tukanwa kwanza, kisha umsomee kuanzia ukurasa wa kwanza. Ukimaliza muulize: jina libaki au liondoke? Atakalosema, tii. Mimi naamini mwanamke aliyejisikia akitawala kurasa mia mbili hatakubali kiti hicho apewe mwingine.

Akiendelea kununa kwamba amekufa, mwambie kitabu cha pili kinaanza akiwa na miaka kumi na saba, na umuulize mwaka ule kulitokea nini.

Beba daftari kubwa.