Kichwa Chenye Kitambaa Chekundu

Rodica mwanangu,

Kifurushi chako kutoka Italia kimefika salama. Theluji inayeyuka. Jirani Grigore kachinja nguruwe, akaniletea kipande kama cha kumlisha paka, bahili yule!

Jana chekechea walisherehekea siku ya akina mama. Nilikaa kwenye kile kiti cha kitoto badala yako, magoti yakinigusa kidevu. Kila mtoto alimchora mama yake. Wa binti yako Ilinca alikuwa kichwa chenye miguu tu, ila kamchorea kitambaa changu chekundu cha kichwani.

Mwenzake akamcheka: “Huyo si mamako, huyo bibi yako!”

“Ndiye mama! We hujui kitu.”

Nami, Mungu anisamehe, moyo ulifurahi kidogo. Nilipofika nyumbani ndipo nikalia.

Mwalimu anasema nisijali, watoto wa miaka minne huchora watu wote hivyohivyo. Mwakani ataanza kumchora kila mtu na macho yake, pua yake, nywele zake.

Najua yule bibi kizee unayemuuguza huko hana mwingine. Lakini njoo, mwanangu, kabla Ilinca hajajua kuchora sura.

Ni mimi mamako,
Agafia