Uso wa Kucheka Kila Saa Mbili

Jumatatu, 3 Februari

Hili sijamwambia mtu: anayejibu simu ya Kaka ni mimi. Leo siku ya kumi na tisa.

Kaka alipotoka hospitali, baada ya kujaribu kujiua, mnasihi alimwekea programu kwenye simu. Kila saa mbili asubuhi inauliza: "Umeamkaje leo?" Chini kuna nyuso tano, kuanzia anayecheka hadi anayelia. Akibonyeza anayelia, au asipojibu hadi saa nne, mnasihi anampigia. Asipopokea, anapigiwa Mama.

Mara ya kwanza Kaka hakujibu, alilala tu. Mama akaacha cherehani kiwandani, akaja mbio, kiatu kimoja mkononi. Msimamizi akampa barua: akitoka tena bila ruhusa, asirudi. Mama alilia jikoni akidhani sisikii.

Kesho yake simu ilikuwa kwenye chaji, juu ya friji. Namba ya siri naijua. Nikabonyeza anayecheka. Mara moja tu, nilijiambia!

Jumanne, 4 Februari

Mnasihi kampigia Mama. Eti Kaka anaendelea vizuri mno, kuanzia wiki ijayo swali litakuja mara moja kwa wiki. Mama kanikumbatia. "Tusimwambie mwenyewe," kaninong'oneza, "tusije tukamharibia."

Nimeosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Alhamisi, 6 Februari

Kaka kampa fundi mwenzake vifaa vyake vyote vya umeme. Vyote! Hata ile bisibisi ambayo nikiigusa nyumba hailaliki. Mwenzake akacheka: "Umeokota hazina nini, fundi?" Kaka akasema havihitaji tena. Kwa upole. Upole huo ndio umeniogopesha.

Kwenye programu kuna ukurasa wa familia. Nimeusoma chooni, maji nimeyafungulia. Kugawa vitu unavyovipenda ni dalili. Muulizeni waziwazi, unasema huo ukurasa, kumuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani.

Nimuulize! Mimi, ambaye hata dukani naonyesha kwa kidole.

Ijumaa, 7 Februari

Nimemuuliza.

Mama alikuwa keshatoka. Kaka alikuwa ameketi kitandani, amevaa viatu — yeye ambaye siku hizi haamki kabla ya adhuhuri. Nikasema nikiangalia viatu vyenyewe, "Kaka, unafikiria kujiua?"

"Lo! Kimya kapata sauti." Ndivyo anavyoniita. Lakini hakutabasamu. Akasema, "Nikwambie kitu, mdogo wangu? Ile simu sijaigusa wiki tatu. Walisema nisipojibu watanitafuta. Ile mara ya kwanza Mama alikuja mbio. Nikasema ngoja nione tena. Hata mmoja hajapiga. Nimewachosha. Siwalaumu."

Alikuwa anawangoja! Kila asubuhi amelala pale anasikiliza kama simu italia, na kila asubuhi mimi ndiye niliyeinyamazisha.

Nikakimbilia jikoni. Saa mbili kasoro dakika moja. Nikaiangalia ile dakika. Umeamkaje leo? Nikabonyeza anayelia.

Kabla haijalia, nikasikia hatua zake kwenye ukumbi. Nikaenda na simu mkononi, nikasimama mbele ya mlango wa nje.

"Nipishe, Kimya."

"Sikupishi!"

"Nipishe, nimesema."

"Nipige basi!" Sijui hayo maneno niliyatoa wapi.

Simu ikalia. Nikamsukumia kifuani. Alilitazama jina la mnasihi muda mrefu, nikadhani itakatika. Akapokea.

Sasa yuko sakafuni, mgongo ukutani, analia. Kasema "ndiyo" mara tatu. Kisha akasema, polepole, "Kumbe mnaniona." Akaniambia mimi, simu bado sikioni: "Anakuja. Wanampigia na Mama. Anasema usiniache." Siondoki. Nimeegemea mlango, mguu wangu umegusa wake, naandika ili mikono itulie. Mama atatoka kiwandani. Barua au si barua, atatoka.

Anasikiliza.

"Majibu gani mazuri?" kauliza.

Kauliza tena. "Ya kila siku? Nani, mimi?"

Ananitazama. Sijainua macho. Nikimwambia sasa hivi, ataikata simu? Atasema kumbe kweli hakuna aliyemwona?

Daftari, nakuomba, usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, naapa. Lakini Mama afike kwanza.