Mfupa wa Kuku Kooni mwa Baba Mkwe

Mshauri mpendwa, shikamoo, nisaidie nimechanganyikiwa. Nimeolewa hapa Kinyangiri, mume wangu Samweli yuko kibaruani Itigi, nyumbani nimebaki na watoto na baba mkwe, Mzee Bonaventura, ambaye mwezi uliopita kwenye kipaimara cha mwanangu mfupa wa kuku ulimkwama kooni, akameza matonge makavu ya ugali mpaka akasema umeshuka, tukacheka tukaendelea kula, kumbe wapi, sasa shingo imevimba, haigeuki, homa haimwachi, mate yanamtiririka maana kuyameza ni kilio, na leo ametema usaha wenye damu. Wifi yangu Febronia anasema kuku nilimpika mimi kwa hiyo nimemroga baba yake, ameshaita mganga aje kuunyonya huo mfupa, na nilipotaja hospitali alinijibu, “Wewe umeolewa tu, hapa huna kauli.” Mzee akaninong'oneza, “Mama Janeth, usigombane na mwanangu kwa ajili yangu.” Nikinyamaza atakufa, nikimpeleka akafia njiani watasema nimemmalizia. Nifanye nini?

Mama Janeth, Kinyangiri

Pole sana, mwanangu. Ujumbe wako haukuwa wa kungoja gazeti, ndiyo maana nilikupigia palepale. Nilikufokea: mtu hawezi kumeza mate yake, nawe unatafuta ruhusa! Unisamehe ukali wa sauti, ila maneno siyarudishi.

Wasomaji nao wasikie. Tonge haliondoi mfupa, huweza kuukandamiza ndani zaidi. Maumivu yanatulia, watu wanasahau, huku koo linatunga usaha. Nilikuambia umpigie Samweli azungumze na dada yake, mtafute gari la kwenda hospitali ya Kiomboi, mzee asile wala kunywa kitu, na daktari aelezwe habari ya mfupa hata kama ni ya mwezi uliopita. Ulifanya hivyo, tena ukampakia na Febronia. Hapo ulinizidi akili.

Jana umeniambia mzee amepasuliwa, usaha umetolewa pamoja na kipande cha mfupa, na bado analishwa kwa mpira. Febronia alipokiona kipande hicho alitoka nje akalia, lakini hajakuomba radhi.

Usimdai radhi wodini. Pokezaneni kumuuguza baba yenu. Samweli akirudi, yeye ndiye awaambie ndugu zake kwamba mkewe si mchawi. Mzigo huo si wako.

Na wewe msomaji uliyekwamwa na mfupa juzijuzi, na koo bado linauma: kunja gazeti, nenda hospitali.