Kahawa ya Maganda Imegoma Kushuka

Muleba, Jumapili baada ya misa

Kwa Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Magoti yanaendeleaje huko Kashai? Dada Edvina na watoto hawajambo? Mimi ni mzima na ninakula vizuri, usimsikilize Edvina. Nimeandika kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya juu, na haya si ya sebule nzima.

Mashine ya kukoboa kahawa ya chama chetu cha ushirika sasa inafanya kazi. Unakumbuka nilivyojisifu kwamba hopa, ile funeli kubwa ya bati inayoilisha mashine, nimeichora mimi. Fundi Avit aliiunda kwa vipimo vyangu. Siku ya uzinduzi tukamwaga kahawa ya maganda, ikashuka kidogo, ikagoma. Avit akagonga bati kwa nyundo mpaka wazee wakaziba masikio. Mwenyekiti, Mzee Mwijage, akasema mbele ya watu kwamba fundi ameharibu, akamfukuza.

Kesho yake nilitoboa tundu kwenye sahani ya plastiki, nikajaribu kahawa za aina mbili. Kahawa safi, iliyokwisha kukobolewa, iliteleza yote. Ya maganda, kavu na yenye mikunjo, ilishikana ikajenga daraja juu ya tundu. Hapo nikaona kosa langu. Hopa nilikuwa nimeijaribu kwa kahawa safi, maana ndilo gunia lililokuwa ofisini. Mimi niliyekulia kwenye mikeka yako ya kuanikia maganda!

Sasa nakiri kwako, Mama: nilinyamaza siku tisa. Avit akakosa kazi hadi Kemondo kwa sifa hiyo mbaya, nami nikaendelea kumsalimia. Siku ya kumi nikasimama mkutanoni nikasema kosa ni langu. Mzee Mwijage alinikaripia vya kutosha, kisha akaagiza Avit arudi. Kuta za hopa tumezisimamisha zaidi, mdomo wa chini tumeupanua, na kahawa inashuka yenyewe.

Nilipomwomba Avit radhi, alitoa mfukoni karatasi yangu ya vipimo yenye sahihi yangu. Alikuwa nayo siku zote. Nikamuuliza kwa nini hakuionyesha. Akasema, "Nilitaka uyaseme mwenyewe."

Wazee wake wanaomba kuja kwako kuleta posa baada ya Pasaka, na mimi nimekubali kwa moyo wote. Uwachemshie kahawa ya kutafuna, ile ya kukaribishia wageni.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Ukigeuza barua hii utaona mchoro wa hopa: ndiyo karatasi yenyewe. Avit amenipa, nami naomba unitunzie.

Mwanao akupendaye,
Annastella